Jino Lililoegemea Lenzake

Meno ya Fundi yalikuwa juu ya meza, na Fundi mwenyewe alikuwa chini yake.

Alijua ni upuuzi. Mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye stashahada ya ufundi wa meno iliyotundikwa ukutani kwa fremu, amejikunyata kati ya ndoo ya jasi na miguu ya kiti kama mtoto aliyevunja glasi ya mgeni, kisa na maana mtu amepiga hodi. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, umefungwa kwa komeo. Dirisha lilikuwa na nondo na kioo cha ukungu. Hapakuwa na namna ya kuonekana. Lakini mwili ulikuwa umeshaamua kabla ya kumshauri mwenyewe, ukamtupa sakafuni, kiganja mdomoni, pumzi juu juu.

Hodi ikarudi. Mbili za haraka, kimya kidogo, kisha moja.

"Fundi," sauti ikaita. "Ni mimi."

Utadhani angeweza kuwa mwingine. Hodi ile alikuwa akiisikia kwa mwaka mmoja na miezi miwili, tangu siku mwanamume mrefu wa pikipiki alipoanza kuleta maboksi kutoka kliniki za meno. Ndani ya kila boksi mlikuwa na chapa ya kinywa cha mtu, na kazi ya maabara ilikuwa kumimina jasi kwenye chapa hiyo, kupata sanamu ya kinywa, na juu ya sanamu kutengeneza meno ya bandia. Wafanyakazi walimwita mwanamume yule Posta. Jina likamganda, hata kliniki zikalisahau la kwake.

Maboksi hayakupitia mlango wenyewe. Katikati ya mlango palikuwa na kidirisha, upana wa sahani mbili, chenye kifuniko cha bati cha kuinua. Posta husukuma boksi kutoka nje, Fundi hulipokea ndani na kusaini. Boksi lina namba, halina jina. Ndiyo sheria ya kazi, ili aibu ya mtu isitembee mjini. Mapenzi yao yalianzia kwenye kidirisha hicho. Kwanza vidole. Kisha nusu ya uso iliyoinama kuchungulia. Kisha siku moja alimchekesha Fundi kwa jambo fulani, Fundi akacheka, na Posta akabaki ameshikilia kifuniko bila kukishusha. Akamwambia kwamba jino lake moja la mbele limeegemea lenzake kama mtu aliyechoka kusimama kwenye foleni, na kwamba angeweza kulitazama hadi kazi ifungwe.

Jioni ile Fundi alirudi nyumbani akalia. Mama yake akadhani ni furaha.

Maana jino lile lilikuwa la plastiki. Alilichonga mwenyewe.

Sasa ilikuwa Jumamosi, saa nane na nusu mchana. Wenzake walikuwa wameshakwenda zao. Saa kumi kamili mama yake Posta na wajomba zake wawili wangekuwa sebuleni kwa kina Fundi kusema rasmi kilichowaleta. Walikuwa wamekwisha kuambiwa yote waliyotakiwa kujua: kwamba binti ana kazi, ana adabu, hajawahi kuolewa, na ile miaka mitatu ambayo hakuonekana mtaani alikuwa masomoni mji wa mbali. Hadithi hiyo aliikata shangazi, mama akaipiga pasi, Fundi akaivaa. Ilimkaa vizuri. Ilimbana kifuani tu.

Asubuhi, alipokuwa akiyasafisha meno yake, bamba la plastiki linaloyashika lilimponyoka likaangukia sakafu ya bafu. Vipande viwili. Mama alikuja kusimama mlangoni, akatazama vile vipande, akamtazama bintiye, na bila kupandisha sauti, kama mtu anayeagiza sukari, akasema, "Rudi na meno, au usirudi."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unashikiza vipande kwa nta. Unamimina jasi upande wa chini upate sanamu ya kaakaa. Unapaka sanamu mafuta ili kitu kisinate. Unajaza ufa kwa plastiki ya waridi, unatia kwenye sufuria ya shinikizo, unasubiri. Alikuwa ameifanya mara nyingi kwa ajili ya vinywa vya watu asiowajua, huku akiimba. Leo hakuimba, na mikono ilipokuwa ikienda mbio, akili ilikuwa sebuleni kwao ikiwapokea wageni. Alipofungua sufuria akaona bamba limeshikamana na jasi kama kigae kwenye sakafu. Alisahau mafuta. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na hata huyo hulifanya mara moja tu.

Njia ilikuwa moja: kuchokonoa jasi kwa tindo ndogo, punje kwa punje, saa moja, pengine mbili, mkono ukiwa umetulia. Mkono haukuwa umetulia. Ndipo hodi ikapigwa.

Posta akasema kwamba mama yake Fundi amempigia simu mara tano kuuliza binti yake aliko, kwamba Fundi hapokei simu, kwamba pikipiki yake Posta iko nje inaungua jua na yeye amevaa shati la mkopo lenye kola ngumu ambayo shingo yake haijawahi kuona mfano wake. Akauliza kuna nini.

Fundi alitoka chini ya meza. Alifikiri. Bila meno manne ya juu ya mbele, zipo sauti, kama s na z, ambazo haziji. Zinatoka upepo mtupu. Ilimbidi ayachague maneno yasiyo na mitego.

"Kichwa kinauma," akasema kupitia mbao.

"Nifungulie nikuone."

"Hapana. Nenda nyumbani. Nitakuja."

Posta hakuondoka. Huyu ni mtu aliyezoea kumuuliza Fundi habari za mvua akajibiwa robo saa, pamoja na historia ya miavuli yote iliyowahi kumpotea. "Mbona unaongea kama telegramu?" akauliza. "Una nini?"

"Homa."

"Homa inayokula maneno?"

Alitaka kumwita mpenzi, amtulize. Hakuweza. Hata jina lile la Posta lilikuwa na mtego katikati yake. Akaegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango, upande wa pili wa alikosimama, akahisi joto la mbao iliyopigwa na jua. Inchi mbili. Kwa mwaka mzima alikuwa amejenga ukuta wenye unene wa inchi mbili, na ndani yake akacheka, akapendwa, akaposwa. Sasa ukuta ulikuwa umebaki na yeye.

Posta alizungumza tena, safari hii pole pole, na utani ulikuwa umemtoka.

"Nikuulize kitu kimoja, na unijibu kwa sentensi. Umebadili mawazo?"

"Hapana."

"Hapana, hujabadili? Au hapana, hunitaki tena na unaogopa kusema?"

Jibu lake, sijabadili, lilianza na mtego.

"Sikulaumu," akasema. "Mimi ni mtu wa kubeba maboksi. Labda shangazi yako amekwambia hivyo, na hajakosea. Ila wazee wako njiani. Mama yangu amenunua viatu kwa ajili ya leo. Kama hunitaki niambie sasa hivi, nipige simu wageuze gari, kabla hajafika kwenu na viatu vyake vipya akaaibika bure."

Fundi akasikia mlio mdogo wa simu ikifunguliwa. Akaona vyote viwili kwa pamoja: gari linageuka, na yeye yuko humu ndani na tindo mkononi, ametunza siri yake, hana kingine cha kutunza.

"Subiri," akasema.

Neno lilitoka likipiga mluzi kama tairi inayopungua upepo. Nje, Posta akaganda.

"Umesemaje?"

"Subiri. Usipige simu." Yote yalipiga mluzi. "Umesikia? Sina meno, Posta. Manne ya mbele sina. Sikuwa nayo tangu siku ya kwanza uliyoniona."

"Lakini nimeyaona," Posta akasema, kama mtu anayedai haki yake.

"Umeona kazi ya mikono yangu."

Akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango. Hakumwona, na kwa kuwa hakumwona akaweza kusema. Alimweleza kwamba hajawahi kusoma mji wa mbali kwa miaka mitatu. Aliolewa huko. Mwanamume aliyemwoa alikuwa mtaratibu, anafungua milango, anawasalimu watoto wa watu kwa majina. Mtaa mzima ulimwita Mpole. Mwaka wa pili wa ndoa, Jumapili asubuhi, kwa sababu ya shati ambalo halikukauka, Mpole alimpiga ngumi moja. Moja tu. Meno mawili yaliruka palepale, mawili yakang'olewa wiki ile ile.

Ilimchukua muda kufika hapo, na alipofika akashangaa kwamba hapo palikuwa pepesi. Aibu ya ngumi haikuwa yake. Yake ndiyo iliyofuata.

Palikuwa na jirani, mshonaji, mlango wa pili. Aliona kwa macho yake, akatoka barazani akasema mbele ya watu, "Huyu bwana anampiga mkewe." Watu wakajaa. Na Fundi, kanga yenye damu mdomoni, akasimama mbele ya umati ule akasema ameteleza bafuni, na kwamba mshonaji ni mwongo, anamtamani mumewe. Mumewe akatikisa kichwa kwa huzuni. Watu wakamwamini Mpole. Wateja wakamkimbia mshonaji mmoja mmoja, na kabla mwezi haujaisha akahama.

"Na mimi nikabaki," Fundi akasema. "Mchana ule nilipanda basi kukimbilia nyumbani, mama akanisafisha, kesho yake akanirudisha. Nikabaki miezi minane. Nikajitengenezea meno, nikayachonga kama yale ya zamani, na lile moja nikaliegemeza kama lilivyokuwa, ili mtu asiulize. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliifanya ili nifiche."

Posta alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo Fundi alikuwa amelikimbia miaka minne.

"Kwa nini ulirudi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama watu wote wanavyouliza. Fundi akahisi mlango ukizidi kuwa mnene nyuma ya mgongo wake.

"Hilo swali ndilo lililonifungia humu," akajibu.

Nyayo zikasikika. Zilikuwa zikienda, si zikija. Zikashuka ngazi mbili za mbele, zikapita kwenye changarawe, zikapotea. Fundi akatazama juu ya meza, bamba lake limenata kwenye jasi, na hakulia. Alihesabu sanamu za vinywa kwenye rafu, safu ya juu, kushoto kwenda kulia, kila moja na namba yake, na vinywa vyote vimeachama bila kusema neno. Alifika ishirini na sita.

Akasikia maji ya bomba la nje yakifunguliwa. Yakafungwa. Nyayo zikarudi, zikapanda, na mtu akaketi upande wa pili. Mlango ukalia kidogo kwa uzito wa migongo miwili.

"Nilikwenda kunawa uso," Posta akasema. "Nisamehe kwa swali lile. Nalijua kuliko unavyodhani. Nililiuliza nyumbani kwetu, kichwani, kila siku, kwa miaka kumi, na sikuwahi kumuuliza mwenye kosa. Nilikuwa namuuliza mama."

Fundi akageuza shingo, sikio kwenye mbao.

Posta alimweleza kuhusu redio. Baba yake alikuwa na desturi ya kufunga mlango wa chumba akiwa na mama ndani. Posta alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake mlango ukifungwa ilikuwa kuongeza sauti ya redio. Hakuna aliyemtuma. Alianza mwenyewe mara ya kwanza, kwa hofu, na mara ya pili akajua kwamba ndivyo inavyofanyika. Majirani wakampenda kwa hilo. Walisema mtoto huyu atakuja kuwa mwanamuziki. Wakimwona njiani humwomba acheze, naye hucheza.

"Nilicheza, Fundi," akasema. "Unaelewa? Walinipigia makofi."

Alisema baba yake alikufa kitandani kwa maradhi ya kawaida na akazikwa kwa heshima zote, na hadi leo mama yake akisikia redio imepandishwa huondoka chumbani, naye Posta hujitia hamnazo, kana kwamba hajui sababu. Hawajawahi kulitaja. Hajamwambia mtu yeyote duniani. Kwenye pikipiki yake kuna redio, na hajawahi kuiwasha.

Hakuongeza neno la funzo wala la kufariji, na Fundi hakumwambia kwamba alikuwa mtoto tu, ingawa ni kweli. Alijua jinsi maneno ya namna hiyo yanavyoteleza mtu akishayasikia ya kutosha. Alisema tu, "Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi gani?" Na Posta akajibu, "Mpaka mwisho." Wakakaa hivyo.

Kisha Fundi akasema kile alichobakiza.

"Hukuniuliza kwa nini niliondoka."

"Kwa nini?"

"Siku moja alifunga mlango, na kabla hajaniinulia mkono nikajikuta nimeyatoa meno yangu, nikayatia mfukoni. Ili yasivunjike. Kama mtu anayevua saa anapotaka kuosha vyombo. Nilikuwa najiandaa kupigwa. Nikayashika mle mfukoni, nikaona: mimi ndiye niliyefikia hapa. Niliondoka na nguo nilizovaa. Lakini hilo la mfukoni sijalisema hata kwa mama. Nikilikumbuka mbele za watu natafuta pa kujificha."

Upande wa pili Posta alikuwa akivuta makamasi kwa siri. Siri yenyewe haikufanikiwa.

Fundi akainuka. Alichukua bamba lake lililonata kwenye jasi, akalifunga kwa karatasi laini kama wanavyofunga kazi ya mteja, akalitia kwenye boksi. Kwa mazoea mkono ulikwenda kwenye kitabu cha namba. Akaurudisha. Akachukua kalamu nene ya wino, na juu ya boksi, mahali pa namba, akaandika MIMI. Akainua kifuniko cha bati, akalisukuma nje.

Vidole vya Posta vikalipokea. Karatasi ikachakarika.

"Ndilo hili?" akauliza. "Lililochoka na foleni?"

"Ndilo."

"Ulilichonga kwa mkono."

"Kwa siku tatu."

"Basi nilikuwa napenda mkono wako na sikujua," Posta akasema. Akakohoa, akajirudi. "Lakini mbona limeshika hivi? Hata mimi mbeba maboksi najua kitu hiki hupakwa mafuta kwanza."

Kicheko kilimtoka Fundi kabla hajakizuia, kikamtoka na upepo wake wote, na kabla hakijaisha alikuwa ameshavuta komeo.

Mlango ulifunguka na jua la saa tisa likaingia lote kwa pamoja. Posta alikuwa bado sakafuni, ndevu zinadondoka maji, shingo nyekundu kwa kola ya mkopo, boksi mapajani. Fundi alisimama juu yake na mkono mdomoni. Walitazamana. Macho hayo aliyazoea kwa vipande, kupitia tundu la sahani mbili. Hakuwahi kuyapata mazima yakiwa yanalia. Akaushusha mkono. Ulishuka kidole kimoja baada ya kingine, na alipomaliza akafungua mdomo kidogo, akangoja.

Posta alimtazama machoni, kisha mdomoni, bila pupa, kisha machoni tena. Hakugeuka pembeni. Hakujifanya kwamba hakuna cha kuona.

"Watu wanahangaika kutafuta mwanya," akasema. "Wewe umepewa geti."

Fundi akampiga begani kwa kofi la upendo, akamvuta ainuke. Walikuwa wamesimama hivyo, mikono yake shingoni kwa Posta, uso umezama kwenye shati la watu, aliposikia mlango wa teksi na sauti aliyoijua kabla hajazaliwa.

"Funga mdomo, mwanangu."

Mama alipanda ngazi mbili kwa hatua moja. Alikuwa amevaa gauni la kijani la shughuli na amejifunga mtandio mweupe, naye hakumsalimu Posta. Alikuwa ameshaufungua mtandio ule kichwani, anamwekea bintiye usoni, anauzungusha kama anayefunga jeraha. Huku akifunga alikuwa akizungumza na Posta bila kumtazama, akimwambia binti ameteleza bafuni asubuhi ya leo, ajali mbaya, sakafu ya kigae ile.

"Ameshanieleza, mama," Posta akasema.

Mikono ya mama ikasimama.

"Amekueleza nini?"

"Yote."

Kwa kitambo mama alionekana mdogo kuliko gauni lake. Kisha akajikusanya. Alikuwa mwanamke wa kupanga mambo, akayapanga. Wageni wamefika mapema, wanakunywa chai na shangazi. Mama yake Posta hajui lolote na hana haja ya kujua leo. Binti atakaa na mtandio, ataambiwa ana jino bovu, watu watamhurumia. Wiki ijayo atakuwa na meno yake na maji yatakuwa yameshapita.

"Kwanza muombe radhi mwenzio kwa kumficha," akasema. "Kisha niombe na mimi radhi kwa kunivua nguo mbele ya watu, baada ya yote niliyofanya kukusitiri. Halafu twende."

Fundi aliiangalia mikono ile kwenye mtandio. Ndiyo iliyomshikia beseni la maji ya chumvi siku ile ya Jumapili, ikamfuta damu, ikamlisha uji kwa kijiko hadi akalala. Na ndiyo hiyo hiyo iliyomfunga kitambaa kesho yake na kumpandisha basi arudi kwa mumewe. Mama hakuwahi kulisema hilo. Shangazi alipotunga hadithi ya masomo, mama ndiye aliyeishika upesi kuliko wote. Fundi alidhani miaka yote hiyo kwamba mama anamwonea aibu yeye. Sasa akaona kwamba mama naye ana meza yake, na yuko chini yake peke yake, hana hata mtu wa kumpigia hodi.

Alimshika ile mikono yote miwili, akaitoa usoni pake taratibu, na mtandio ukabaki kati yao.

"Mama," akasema. "Sikulaumu kwa ile safari ya basi. Siku ukitaka kuizungumza, nitakaa na wewe. Hata leo."

Mama akafumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji. Alipoyafumbua, midomo ilikuwa inatafuta pa kushika. "Wageni," akasema. "Wewe hujui watu. Utaingia vipi sebuleni na kinywa hicho? Mama yake atasema nini?"

"Mama yangu niachie mimi," Posta akasema. Alikuwa amelishika boksi kwapani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa na hafichi. "Kuna jambo la redio napaswa kumwambia. Limechelewa miaka ishirini na mbili. Nitamwambia kwanza, kisha tutaona nani atakayeshangaa kinywa cha nani."

"Na nyumba yetu?" mama akamgeukia bintiye. "Shangazi yako? Jina letu? Angalau sema neno moja. Omba radhi, mambo yaishe."

Fundi akautandaza ule mtandio, akamfunga mama yake kichwani vizuri, akaweka ncha mahali pake. Akafunga mlango wa maabara. Akashusha kifuniko cha kidirisha.

"Yupo mtu mmoja wa kumwomba radhi," akasema. "Mshonaji. Jumatatu nitaanza kumtafuta, na nikimpata nitapiga magoti, maana yule nilimkosea kweli. Huyu hapa nilimficha, nimemweleza, yaliyobaki tutayamaliza sisi wawili." Kila neno lilipiga mluzi wake, na dereva wa teksi alikuwa ametoa kichwa dirishani kusikiliza. Akamwacha asikie. "Lakini kwa kuvunjwa meno, kwa kurudi, kwa kuondoka, na kwa kuingia sebuleni kwetu leo mdomo wazi, simwombi radhi shangazi, simwombi radhi mgeni, na wewe, mama yangu nikupendaye, sikuombi radhi."

Akashuka ngazi, akaketi kiti cha nyuma cha pikipiki.

"Siombi," akasema.